Mjomba Aja Nakuru Kutazama Ndege

Karani akipewa likizo ya siku tano huwa ana mambo mawili ya kuchagua: kulala, au kwenda nyumbani kufanya kazi ya shamba ambayo ndugu zake wamemwekea tangu Krismasi. Mimi katika mwezi wa Agosti, 2023, nilikuwa nimekwisha kuchagua kulala. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao pamoja na watoto, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, na nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa kimya. Nyumba hiyo iko Nakuru, mji ambao tangu Desemba 1, 2021, unaitwa jiji, ijapokuwa matope ya mtaa wetu hayajapata habari hiyo bado. Nilikuwa nimevua viatu na kufungua gazeti, ndipo simu ikalia. Alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Akasema, "Mpwa wangu, niko hapa kituo cha magari. Njoo unichukue, maana mji huu siujui na jogoo amechoka."

Nikavaa viatu.

Nilimkuta amesimama kando ya matatu za Eldoret, amevaa koti lake la kanisani, na miguuni pake gunia la viazi vitamu, mfuko wa unga wa wimbi, na jogoo ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Alikuwa ametoka upande wa Webuye alfajiri, na baridi ya Timboroa, alisema, ilikuwa ingali mifupani mwake. Ana umri wa miaka 68. Analima mahindi na miwa, na katika maisha yake yote hakupata kuvuka Eldoret isipokuwa mara moja, alipokwenda maziko huko Molo. Nilifurahi sana kumwona. Lakini karani ni mtu wa mafaili, na akiona mzee amesafiri zaidi ya kilomita 200 bila kupiga simu kwanza, hujiuliza moyoni: faili hili lina nini ndani?

Yafaa nieleze mtu huyu ni nani kwangu. Baba yangu alifariki nilipokuwa darasa la saba. Nilipofaulu mtihani na kuitwa katika shule ya sekondari ya misheni, watu wa kwetu walinipongeza kisha wakaenda zao. Hiyo ilikuwa kabla ya mwaka 2008, serikali ilipoanza kulipia wanafunzi wa sekondari sehemu ya karo, na kijana asiye na fedha alirudishwa nyumbani siku ile ile, sanduku lake kichwani. Mjomba ndiye aliyelipa. Kila Januari aliuza mnyama. Mwaka wangu wa tatu aliuza ng'ombe mwekundu aliyekuwa akiipa nyumba yake maziwa, na watoto wake wakanywa chai ya rangi mwaka mzima ili mimi nijifunze hesabu na Kiingereza. Deni la namna hiyo halina risiti, walakini mdaiwa anajua kiasi chake.

Usiku ule, baada ya kumla jogoo yule yule kwa ugali wa wimbi, mjomba akapangusa mikono, akashusha sauti ijapokuwa hapakuwa na mtu mwingine ndani, akaniambia sababu ya safari yake.

Shamba la babu, ekari tisa, lilibaki katika jina la babu tangu alipofariki mwaka 1994. Mjomba na ndugu yake mdogo walikuwa wakililima, kila mtu upande wake. Ndugu yake akafa mwaka 2019, akaacha mjane na mabinti watatu. Sasa mjomba alitaka shamba zima liandikwe kwa jina lake, kwa kuwa, alisema, mabinti wataolewa na ardhi ya ukoo haifuati wakwe. Mjane aliposikia hayo akaenda kimya kimya mpaka ofisi ya ardhi, akajaza fomu ya kuzuia shamba hilo lisiandikishwe kwa mtu ye yote mpaka neno litakapoamuliwa.

"Fomu hiyo ni karatasi moja tu," akasema mjomba. "Na katika ofisi ile yuko karani uliyesoma naye. Karatasi hupotea, mpwa wangu. Wewe wajua jinsi zinavyopotea."

Sikujibu. Mjane huyo ni mkazamjomba wangu. Mjomba ndiye aliyelipa karo yangu, lakini wakati wa likizo nyumba ya mjomba ilikuwa imejaa watoto, nami nililala kwa ndugu yake mdogo. Mama huyu ndiye aliyenifulia sare, akanichemshia maji ya kuoga asubuhi ya kurudi shuleni, na kunifungia mahindi ya kukaanga katika karatasi. Basi nilikuwa na wadai wawili, na mmoja alikuwa akinitaka nimlipe kwa mali ya mwenzake.

Nikasema, "Mjomba, umechoka kwa safari. Jambo hili tutalizungumza. Kesho kwanza nikuonyeshe ziwa."

Akafurahi. Nyumbani kwake ukutani ilikuwapo kalenda kuukuu ya duka la mbegu, yenye picha ya Ziwa Nakuru likiwa limefunikwa na ndege wekundu hata maji hayaonekani. Miezi yake ilikwisha kuchanwa zamani, lakini picha haikutolewa. "Ndege wale," akasema, "nimewatazama miaka kumi na mitano nikila."

Nami nakiri hapa jambo ambalo sikumwambia mtu. Alipokwisha kulala, nilitoa simu nikatafuta jina la yule niliyesoma naye. Nililitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaizima simu nikalala, lakini si kwa sababu ya wema. Ilikuwa saa sita ya usiku.

Asubuhi tukakodi gari la jirani yangu, aina ya Probox, mwenyewe akiendesha. Hifadhi ya Ziwa Nakuru haiingiwi kwa miguu, wala fedha taslimu hazipokewi langoni. Nililipa kwa simu, na mjomba akashangaa kwamba askari hakugusa hata shilingi moja. Lango lenyewe si lile la zamani. Ziwa lilianza kupanda mwaka 2010 hivi, na likaendelea kupanda mwaka baada ya mwaka, hata lango kuu na majengo yaliyokuwa karibu nalo yakaingiliwa na maji, ikabidi lango lihamishwe. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba 40 na kidogo lilizidi 60. Mbele yetu migunga mikubwa ilisimama ndani ya maji imekufa, meupe kama mifupa, na mwari wamekaa juu ya matawi.

Mjomba akatazama huku na huku. "Ndege wangu wako wapi?"

Nikamweleza kadiri nijuavyo. Ndege hao ni heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo. Hula mwani mdogo sana unaomea katika maji ya magadi, wakiutafuta kwa mdomo uliopinduliwa chini juu, na chakula hicho ndicho kinachowapa rangi yao. Zamani katika ziwa hili waliweza kukusanyika zaidi ya milioni moja. Lakini maji ya mvua na ya mito yalipozidi, magadi yakapungua nguvu, kama chumvi katika mchuzi ulioongezwa maji, mwani ukapungua, na heroe wakahama. Siku ile tuliona mia chache tu, mbali sana, kama kitambaa kilichoanguliwa ukingoni. Mwari, ambao ni wala samaki, walikuwa wengi kuliko wao. Hao nao wana historia yao: katika ziwa hili hapakuwa na samaki hata kidogo, mpaka katika miaka ya 1950 na 1960 walipoletwa perege wadogo kutoka Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Mbu sina hakika kama walipungua katika mtaa wetu, lakini mwari walipata habari za samaki upesi.

Mjomba hakusema neno, ila nilimwona amevunjika moyo kama mtoto.

Vifaru walimrudishia furaha. Hifadhi hii imekuwa mahali pa kuwalinda tangu mwaka 1987, na tulimwona mweusi mmoja kwa mbali kichakani na weupe wanne karibu na njia. Mjomba akauliza weupe wao uko wapi, maana wote walikuwa na rangi ya majivu. Jirani yangu akamwonyesha tofauti: yule anayeitwa mweupe ana mdomo mpana wa kukata nyasi, na mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuchuma majani ya miti. Mjomba akapiga goti lake kwa kofi. "Basi huyu ni ng'ombe, na yule ni mbuzi. Mngalisema hivyo tangu mwanzo!" Nimesoma maelezo mengi juu ya vifaru, lakini sijapata yaliyo bora kuliko hayo.

Maporomoko ya Makalia, yaliyo upande wa kusini, hayakumpendeza. Alitazama maji yakianguka, akasema kwamba mbele ya Nabuyole ya kwao, ambapo mto Nzoia unanguruma hata mtu hamsikii mwenzake, haya ni maji ya kunawa. Watu wa Webuye wana kiburi kwa maporomoko yao.

Tulikula juu ya mwamba wa nyani, mahali ambapo mtu huliona ziwa lote. Mwamba huo haukupewa jina hilo bure. Nilikuwa nimegeuka kumwonyesha mjomba mji uliko, mara nyani mkubwa akashuka, akachukua mfuko wa viazi vitamu mbele ya macho yetu, akakaa hatua kumi kutoka pale, akala bila haraka. Jirani akarusha jiwe. Nyani hakujali hata kidogo.

"Mwache," mjomba akasema, na akanitazama mimi. "Huyu akitaka kitu hukichukua. Hana haja ya karani."

Nilicheka, lakini kicheko changu hakikuwa na chumvi.

Wakati wa kurudi mjomba akamwuliza jirani yangu kwao ni wapi. Akajibu kwamba alikuwa na kiwanja Mwariki, kando ya hifadhi, na nyumba ya mawe ambayo alimaliza kuijenga mwaka 2017. Mwaka 2020 maji yakaja mpaka mlangoni, kisha dirishani. Sasa amepanga chumba jirani yangu. "Hati ninayo," akasema. "Iko ndani ya kopo, safi kabisa. Kiwanja ndicho kilicho ndani ya maji." Mjomba alimwuliza maswali mengi: je, anaweza kuuza? Nani atanunua? Je, maji yakirudi nyuma mipaka itajulikana? Jirani alijibu kwa upole, macho yake yakiwa njiani. Tulipofika nyumbani, mjomba alimwongezea shilingi mia mbili kutoka mfuko wake mwenyewe, jambo ambalo sikulitazamia, kwa maana mkono wake si mwepesi.

Siku ya pili tukapanda Menengai. Pikipiki zilitufikisha juu ukingoni, na pale tukakuta ukungu mtupu. Mjomba akasema amepanda juu kutazama ndani ya sufuria yenye mfuniko. Lakini kadiri ya saa nne ukungu ukapasuka, na shimo likafunguka chini yetu lote kwa mara moja. Nimeishi Nakuru miaka saba, na kila mara magoti yangu hulegea nikiliona. Ni mlima wa moto uliojiangukia wenyewe zamani za kale: upana wake ni kilomita 12 kwa 8 hivi, kuta zake zashuka karibu mita 500 mahali pengine, na chini ni mawe meusi na vichaka, na mivuke ikipanda hapa na pale. Inasemekana kwamba katika karne ya 19 Wamasai wa Ilpurko waliwashinda ndugu zao wa Ilaikipiak hapa, wakawasukuma kutoka ukingoni, na wazee wengine husema mivuke ile ni roho zao. Serikali yetu inaona katika mivuke hiyo jambo jingine. Visima vya kuchimba mvuke wa umeme vilianza mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa nguvu.

"Walipigania nini?" mjomba akauliza.

"Malisho na ng'ombe, Mjomba."

"Ndugu kwa ndugu," akasema. Kisha akaona njia nyembamba inayoshuka, akaanza kuteremka.

Nilimwita. Sikutaka kushuka, nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, kwa kuwa sina vingine ila ndara. Lakini mzee wa miaka 68 alikuwa amekwisha kutangulia, fimbo mkononi, akichuma majani ya leleshwa na kuyanusa. Tulishuka kadiri ya saa nzima. Mahali pengine tulishika mizizi. Mahali pengine nilikaa nikateleza kwa suruali, na suruali hiyo sasa ni ya kazi ya nyumbani. Chini, joto likawa jingi, na mawe meusi ni makali kama chupa iliyovunjika. Tulipotaka kurudi, njia haikuwapo. Kila kichaka cha leleshwa kilifanana na kingine, majani meupe kwa chini, harufu moja. Tukaenda kushoto, tukakutana na ufa mrefu katika mawe. Tukaenda kulia, tukajikuta tulipokuwa. Maji yetu yalikuwa chupa moja. Nilianza kuogopa kweli, ila sikutaka kumwonyesha. Na baadaye nilifahamu kwamba yeye pia alikuwa akinificha lile lile.

Ndipo soli ya kiatu changu cha kulia ikabanduka kabisa.

Mjomba akaniketisha juu ya jiwe. Akatafuta kichaka, akabambua gome refu, akalisokota mapajani mwake mpaka likawa kamba. Kisha akapiga magoti mbele yangu juu ya mawe yale, akaushika mguu wangu, akakifunga kiatu mara tatu kuzunguka na fundo juu. Nikaona utosi wake, nywele zimekuwa nyeupe zote. Siku aliyonipeleka kidato cha kwanza alipiga magoti vivyo hivyo langoni, kwa maana sikupata kuvaa viatu vya kamba kabla ya siku ile na wavulana wengine walikuwa wakinicheka. Nadhani yeye hakukumbuka. Au labda alikumbuka.

Akainuka akasema, "Sasa tembea, karani."

Nasema kweli, kama angaliniomba ile karatasi saa ile, pale chini, ningalimkubalia. Hakuniomba. Kijana mmoja mchunga mbuzi alisikia sauti zetu akatupeleka mpaka kwenye njia, ambayo ilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale tulipokuwa tukizunguka. Tukafika juu jioni. Mjomba alimpa kijana yule kofia yake.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya miguu tu. Nilikuwa nimefanya mambo ya kuonyesha milima na wanyama kama mtu anayeahirisha kesi, na kesi ilikuwa inalala katika chumba cha pili ikikoroma.

Siku ya tatu tukaondoka mapema kwenda Ziwa Bogoria, kwa kuwa jirani alikuwa amesema heroe walikuwa wengi huko. Ni safari ya kilomita mia moja na zaidi upande wa kaskazini. Nchi hushuka, joto huongezeka, na baada ya mahindi huja mashamba makubwa ya mkonge karibu na Mogotio. Hapo ikweta hupita. Kijana mmoja alikuwa na beseni na kijiti, akatuonyesha kwamba upande huu wa mstari maji huzunguka hivi, na upande ule huzunguka vile. Nilikuwa tayari kulipa. Mjomba akasema, "Rudia, lakini safari hii usiligeuze beseni kwa kiuno unapokaa." Kijana akacheka sana, akatusamehe fedha. Jambo la beseni si kweli, wasomaji. Maji kidogo namna ile huzunguka jinsi yalivyomiminwa.

Mbele kidogo ya Mogotio tukapata pancha, na tairi la akiba lilikuwa bovu kuliko lile lililotoboka. Jirani akalibeba tairi juu ya pikipiki akarudi kutafuta fundi. Tukabaki wawili, chini ya mgunga usio na kivuli cha kutosha mtu na nusu, barabara tupu, mbuzi wakipita. Mahali pale hapakuwa na jambo lo lote la kutazama. Sikuwa tena na kitu cha kumwonyesha.

Nikasema, "Mjomba, ile karatasi sitaitafuta."

Hakunitazama. Nikaendelea upesi kabla sijakosa nguvu. Nikamwambia kwamba kuipoteza ni kosa ambalo laweza kumfunga yule karani na kunifunga mimi, lakini kwamba hata kama lisingekuwa kosa nisingeliweza. Nikamwambia kwamba sheria ya urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haitengi mtoto wa kike na wa kiume, wala mwenye mume na asiye na mume, na kwamba Katiba ya mwaka 2010 imekaza neno hilo. Hayo yote niliyasema kama karani, kwa mpangilio. Kisha nikasema lile lililokuwa gumu: "Wewe uliuza ng'ombe. Yeye alinichemshia maji. Nikila upande wake, nitakuwa nimekula mkono ulionilisha, na wewe ndiwe utakayekuwa umenituma."

Akakaa kimya muda mrefu. Gari moja likapita, jingine likapita. Akaokota kijiwe, akakitupa.

"Nilikusomesha uwe na maneno mengi," akasema. Hakusema zaidi ya hayo. Sikujua kama ni sifa au laana, na mpaka leo sijui.

Tairi lilipokuja tukaendelea bila kuzungumza. Jirani alitutazama kwa kioo, akafungua redio.

Kwenye Bogoria pia maji yamepanda. Barabara ya zamani ya kando ya ziwa imezama mahali pengi, na baadhi ya chemchemi za moto zimefunikwa. Lakini nyingine zingali zikichemka ukingoni, zikitoa mvuke na harufu ya kiberiti. Ziwa hili katika ramani za Wazungu liliitwa Hannington, kwa jina la askofu aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na sasa, pamoja na Nakuru na Elementaita, limewekwa tangu mwaka 2011 katika orodha ya mahali panapohesabiwa kuwa urithi wa ulimwengu. Wageni huja na mayai. Sisi tulikuwa na sita, katika mfuko wa kamba. Mjomba aliufunga katika fimbo yake, akautumbukiza katika chemchemi, akachuchumaa mbali na mvuke, akihesabu kwa midomo. Mimi nilisimama nyuma yake nisijue pa kuweka mikono.

Aliyatoa, akayapoza kwa maji ya chupa, akamenya moja kwa kucha zake nene. Akanipa mimi kwanza. Kisha akammenyea jirani. La tatu akala mwenyewe.

Na heroe walikuwapo. Tulipozunguka upande wa pili wa miamba tuliwaona, ukingo mzima mwekundu, maelfu, vichwa chini, wakitembea wote upande mmoja na kisha wote upande mwingine, na sauti yao ni kama ya soko lililo mbali. Kundi moja likaruka, na chini ya mbawa kukatokea wekundu mwingine, mkali, uliochanganyika na weusi. Picha ya kalenda haikuwa na wekundu huo. Mjomba akavua kofia ambayo hakuwa nayo. Mkono wake ulikwenda kichwani, ukakuta hakuna kitu, ukashuka.

Tulikaa pale karibu saa mbili. Nilidhani hatasema neno lo lote. Mwishowe akauliza, "Walipotoka Nakuru, nani aliyewapa huku?"

"Hakuna, Mjomba. Hufuata chakula. Husafiri usiku. Na wengi wakitaka kuzaa huenda Natron, nchi ya Tanzania."

"Hm," akasema.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza mpaka kituo cha magari. Nilitaka kumlipia nauli. Akanikatalia, akalipa mwenyewe, akihesabu noti polepole mbele ya utingo. Nikamnunulia kofia mpya kwa mchuuzi aliyepita dirishani, na hiyo akaichukua. Gari lilipowashwa akasema, "Viatu vyako vile, nunua vingine vya kutembelea," nayo ikaondoka.

Kwa muda wa wiki saba sikusikia neno. Nilimpigia mara mbili, akapokea mmoja wa watoto wake, akasema mzee yuko shambani. Mkazamjomba sikumpigia. Niliona haya, ijapokuwa sikuwa nimemkosea. Labda kwa sababu ya ile saa sita ya usiku.

Katika mwezi wa Oktoba, jioni moja nikiwa ninapiga pasi shati la kazini, simu ikalia. Alikuwa yeye. Akaniuliza hali ya mke wangu na watoto, akaniuliza kama mvua imenyesha, akaniuliza kama ndege wamerudi Ziwa Nakuru. Nikasema bado, si wengi. Akasema mahindi ni mazuri mwaka huu, ila bei ni mbaya. Kisha akauliza, kana kwamba ni neno lililompitia tu, mtu akitaka kwenda mahakamani kwa urithi wa baba yake huanzia wapi. Nikamwambia huanzia kwa chifu, ambaye huandika barua yenye majina ya warithi wote.

"Na wale mabinti? Wote watatu huandikwa?"

"Marehemu baba yao alikuwa mwana wa babu, Mjomba. Yeye hayupo, basi wao ndio wanaosimama mahali pake pamoja na mama yao. Wote watatu."

Nikasikia kuku kwake, na mtu akipasua kuni. Nikangoja. Kisha simu ikakatika, na mpaka sasa sijui kama ni fedha za simu zilizomwishia au ni yeye mwenyewe aliyekata.